Bega la Nyumba ya Kabula

Habari za kifo cha Kabula zilinikuta kwenye kundi la simu la darasa letu, zikiwa zimebanwa kati ya tangazo la mtu anayeuza kiwanja na picha ya keki ya mwingine aliyekuwa anasherehekea kuzaliwa. Walioandika pole walikuwa wengi. Adelard, ambaye angekaa kimya nisingemlaumu, aliandika ndefu kuliko wote na kumalizia na vile viganja viwili vilivyoungana. Niliiweka simu kifudifudi mezani, chai ikachemka mpaka ikakaukia. Nilitaka kulia nikashindwa. Nilichokuwa nacho ni hasira, ile hasira ya kijinga ya kumkasirikia mtu aliyekufa kwa sababu ameondoka na mwaka wenu mzima, na sasa hakuna wa kukwambia kama unakumbuka sawa au unatunga. Kwa hiyo nauandika mwaka huo, kabla sijaanza kuutunga.

Tulikuwa tumemaliza shahada ya taaluma za maendeleo. Nikisema hivyo leo vijana wananiuliza hiyo ni kazi gani, na kusema kweli hata sisi tulikuwa hatujui. Ualimu unajulikana, uuguzi unajulikana, hata uhasibu mama yangu angeweza kuwaeleza wenzake kanisani. Sisi tulijifunza umaskini wa dunia: unatoka wapi, unapimwaje, nani alibishana na nani kuuhusu. Tulilijua neno uendelevu kabla hatujaona kitu kikidumu, na ushirikishwaji tulifundishwa na mhadhiri asiyeruhusu maswali. Halafu tukavishwa majoho, tukapigwa picha, tukaambiwa sisi ni mawakala wa mabadiliko. Mimi na Kabula, mawakala wawili, tukapanga chumba kimoja Nyamiaga, wilayani Ngara, maana kila mtu alisema Ngara ndiko kwenye mashirika tangu enzi za wakimbizi. Hakuna aliyetuambia kwamba mashirika yalikuwa yanafunga virago. Sisi tunashusha mabegi, magari meupe yanaondoka.

Chumba chenyewe kilikuwa cha bati bila dari, na ukuta uliotutenga na fundi cherehani haukufika juu, kwa hiyo tulizijua habari za wateja wake wote na yeye akazijua zetu. Kitanda kilikuwa kimoja. Tulilala mzungu wa nne, miguu ya Kabula usoni mwangu. Yeye alikuwa Msukuma wa Runazi, kule Biharamulo, mimi Mhangaza, na utani haukuisha. Akiniona napika ndizi na maharage alisema Wahangaza tunakula chakula cha wagonjwa. Nami nikimwona anatafuna michembe, vile viazi vikavu alivyoletewa kutoka kwao, nilimuuliza kama meno ni yake au amekodi. Mwanzoni tulicheka sana. Kisha mafuta yakaisha, kisha mkaa, kisha michembe ikawa ndiyo chakula cha mchana na cha jioni, na kicheko nacho kikapungua. Nakumbuka jioni moja Kabula alichemsha maji, akatia chumvi, akaniwekea bakuli mbele kwa heshima zote, akasema, "Karibu supu, madam." Nilikunywa. Hakuna aliyecheka.

Tulikuwa tunajitolea. Ni neno zuri mpaka likukute soli ya kiatu imetoboka. Shirika lililotupokea lilikuwa na ofisi mjini Ngara, na kwa miezi mingi kazi yetu ilikuwa kupanga viti, kuandika majina ya wageni na kufagia. Ndiyo, wenye shahada tulifagia, na Kabula alifagia vizuri kuliko mimi. Nilikuwa nafagia chini ya dirisha la meneja wa mradi siku nilipomsikia akiongea kwenye simu. "Wa kujitolea hawanisumbui," alisema. "Mmoja akichoka, nje wapo wengine." Hakuwa mtu mbaya. Alituuliza hali za nyumbani, alitununulia soda Pasaka. Alikuwa tu na wakubwa wake wa mbali, na kila alichotufanyia sisi walikuwa wamemfanyia yeye kwanza. Alituahidi kwamba mwisho wa mwaka mradi utatoa ajira moja. Moja, na sisi wawili. Tulikubaliana kitandani, kichwa huku na kichwa kule, kwamba atakayepata atamlisha mwenzake mpaka naye apate. Nilimwamini Kabula. Sijui kama nilijiamini mimi.

Adelard alikuja kutuaga mvua za masika zilipokuwa zinaanza. Alikuwa wa darasa letu, msemaji, wa shati jeupe, na alikuwa amepata ufadhili wa kwenda Ulaya kuyasomea zaidi maendeleo yetu. Alikaa siku chache, mimi nikahamia kwa dada wa kanisani kuwapisha yeye na Kabula, na alipoondoka alimwachia Kabula kamusi na mimba. Kamusi tuliiuza. Mimba niliigundua mwenyewe, asubuhi moja nilipomkuta nyuma ya choo ameshika ukuta kwa mikono miwili. Nilimuuliza atafanyaje. Alijifuta mdomo kwa upindo wa kitenge. "Nitamzaa," alisema. "Pelagia, miradi yote tuliyoisoma, huu ndio wa kwanza wenye umiliki wa jamii." Tulicheka mpaka fundi akagonga ukuta. Lakini usiku ule miguu yake haikutulia usoni mwangu. Meneja alikuwa ameshatamka mbele yetu kwamba kwa wanaojitolea hakuna likizo ya uzazi, anayeondoka ameondoka. Kabula alitaka vitu viwili tu mwaka ule, mtoto na kazi, na alijua kimoja kikionekana kingine kimepotea. Akaanza kuvaa magauni mapana. Barua za kwenda Ulaya hazikujibiwa.

Kiangazi kilipoingia tulipelekwa Murusagamba, karibu na mpaka wa Burundi, kuusimamia mradi. Tulifikia kwa Mama Skola, mjane aliyekuwa na nyumba ya udongo na migomba iliyokuja mpaka mlangoni, hata mchana chumbani mlikuwa na kiza cha kijani. Chumba chetu kilinuka moshi na maharage yaliyoanikwa. Mama Skola aliongea Kihangaza, na Kiswahili alikuwa nacho cha kanisani, kwa hiyo hata akikukaribisha ugali ilikuwa kama anasoma injili. Siku ya pili tu alimtazama Kabula alivyoinama kuchota maji, akamwongezea maharage kwenye sahani, hakusema kitu. Kisimani wanawake hawakuwa na adabu hiyo. Nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Yule wa mradi naye ana mradi." Nikajua siri yetu ilikuwa siri kwa meneja peke yake.

Kule milimani gari halikufika hata barabara ikiwa kavu. Mgonjwa alibebwa kwa machela, ingobyi kwa Kihangaza: miti miwili mirefu na kitanda cha fito zilizosukwa katikati. Machela ilikuwa na chama, na chama kilikuwa na sheria ambayo hata mtoto aliijua, kwamba kila nyumba ina bega. Mgonjwa akizidiwa, mwitaji husimama juu ya kilima na kuziita nyumba moja moja. Nyumba hujibu "Ipo!" na mwanamume mmoja hutoka mbio. Ya kwanza kuitwa ni ile yenye mgonjwa. Yenyewe isipotoa bega, nyingine hazina sababu ya kutoka. Nyumba yenye mazoea ya kukaa kimya, siku yake ikifika itausikiliza upepo. Na machela ikishanyanyuliwa haigusi ardhi mpaka mlangoni kwa mganga. Wabebaji wanapokezana huku wanatembea, kwa sababu mgonjwa akiwekwa chini njiani, walisema, anaizoea ardhi.

Mradi wetu ulileta pikipiki yenye tela la kumlaza mgonjwa. Tusidanganyane, watu waliitaka. Tuliitisha mkutano kama tulivyofundishwa, tukauliza shida yao kubwa, wakasema usafiri wa wagonjwa, na Mzee Bukuru, mwitaji wa chama, ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote. Alikuwa na kinundu begani kilichotokana na miaka ya ule mti, na siku ya uzinduzi alifungua vifungo vya shati akawaonyesha wageni. "Hili sasa linastaafu," alisema, watu wakapiga makofi. Ilikuwa sherehe kubwa. Mbuzi alichinjwa, kwaya iliimba, pombe ya ndizi ililetwa kwenye vibuyu. Meneja alikuwa amebuni jambo moja lililowafurahisha sana wageni rasmi: kijiji kiage machela hadharani. Basi machela zote za kitongoji zikaletwa uwanjani, zikafumuliwa, na miti yake ikatumika kujengea banda la pikipiki, iwe ishara ya tulikotoka. Chama nacho kikaagwa. Mahali pake tukaunda kamati ya usafiri wa wagonjwa, watu wachache, wakapelekwa Ngara kwenye semina wakanywa soda. Nilikuwa nimesimama pembeni na Kabula, tumeshika sahani za pilau. Darasani tulifundishwa kuiuliza jamii inahitaji nini, tukauliza. Pikipiki ikiondoka kitabaki nini, hilo hakuna aliyeuliza, si sisi si wao. Nani anauliza hivyo siku ya harusi?

Vuli ilipoanza, tela lilivunjika ekseli kwenye korongo. Pikipiki ikapelekwa mjini kutengenezwa, na huko ikakuta awamu ya mradi imekwisha na awamu inayofuata haijasainiwa. Ikakaa. Banda likabaki tupu, limesimama vizuri kwenye miti ya machela. Nilikuwa nakwenda dukani jioni nikipita karibu na wanaume wanaokunywa, na maneno yao hayakufichwa. "Bega langu limestaafu," mmoja alisema. "Wabebe waliokunywa soda," akajibu mwingine. Waliokuwa kwenye kamati waliona wanaonewa wivu, wasiokuwemo waliona wamedharauliwa, na wote wawili walikuwa na haki kidogo. Nilimsimulia Kabula nikidhani atacheka. Aliweka kijiko chini. "Pelagia," alisema, "na siku yangu ikifika?"

Tulipanga ashuke Ngara mapema. Ungekuwa mpango rahisi kama si wageni. Meneja alituma ujumbe kwamba wafadhili wanakuja kuuona mradi kabla ya kuisaini awamu mpya, tusiondoke, na kwamba baada ya ziara hiyo ndipo jina la mwajiriwa litatajwa. Ziara ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Kila asubuhi nilimwambia Kabula twende, kila asubuhi aliniambia tungoje kidogo. "Nikiondoka leo nimeondoka na tumbo na sina kazi," alisema. "Mtoto atakula nini, kamusi?" Mvua ilipiga migomba mchana kutwa. Tuliishi kwenye kile chumba cha kijani kama watu waliofungiwa ghalani. Mama Skola alimkanda miguu iliyovimba kwa maji ya moto, akisali kwa sauti ya chini. Nilikuwa naogopa, na nilimchukia Adelard, na meneja, na shahada yangu iliyokuwa kwenye bahasha chini ya godoro ikiota ukungu.

Uchungu ulianza alfajiri, na hadi jua kuwa juu, kama lingeonekana, Mama Skola alikuwa ameacha kusali. Alinivuta nje. "Mtoto amekaa vibaya," alisema. "Mimi siwezi. Apelekwe kituo cha afya." Nilikimbia kwa Mzee Bukuru kwenye tope, kandambili moja ikabaki njiani. Nilimkuta anakula viazi.

"Shikamoo mzee. Kabula anakufa."

"Marahaba." Aliacha kutafuna. "Sasa binti, nimwite nani? Chama mlikiaga. Mimi mwenyewe nilikiaga."

"Ita tu, mzee. Nakuomba. Ita."

Namheshimu mpaka leo kwa sababu alinyanyuka. Alipanda kilimani pale pale, mdomo bado una viazi, akaanza kuita. Aliziita nyumba kwa majina ya wenye nyumba, sauti yake ikavuka bonde, ikarudi peke yake. Niliwaona watu. Hilo ndilo lisilonitoka. Walikuwa wamesimama milangoni, kwenye migomba, chini ya michirizi ya paa, wanatusikia, na hawatembei. Mmoja alipaza sauti, "Kamati wabebe!" Na wa kamati wawili walikuwa wameshafika, wanatetemeka kwa baridi, lakini watu wawili hawawezi kumpandisha mtu mlima ule. Mzee Bukuru aliita mpaka akakohoa. Nilipiga magoti kwenye tope mbele ya bonde zima. Nililia kwa Kihangaza, na Kiswahili, na nadhani hata Kiingereza. Niliwaambia huyu ni mtoto wa watu, hajawakosea. Maji yalikuwa yamenifika shingoni, sikuwa na aibu tena. Hakuna aliyeteremka.

Ndipo mzee, ambaye kwa kuchanganyikiwa alikuwa ameanzia katikati, alipokumbuka utaratibu. Alijifuta uso, akaita ile ya kwanza.

"Nyumba yenye mgonjwa?"

Hapakuwa na wa kujibu. Mama Skola alikuwa mjane, shemeji yake aliyekuwa akimsimamia alikuwa amevuka mpaka kwenda mnadani. Kabula alikuwa mgeni. Mzee aliita tena, na katika ile ya pili nikasikia mtu anajibu, na alikuwa mimi.

"Ipo!"

Kuna waliocheka. Mwanamke hakuwa anashika machela, hata kuigusa. Mzee Bukuru alinitazama nilivyokuwa, mguu mmoja peku, kanga imelowa. Sikumpa nafasi ya kusema. Nilikimbia kwenye banda la pikipiki nikaanza kuibomoa ile miti. Ilikuwa imefungwa kwa waya na kupigiliwa misumari, nikaivuta kwa mikono, ikakataa, nikaning'inia kwa uzito wangu wote, paa likaniangukia begani. Nilipochomoa kichwa kwenye nyasi nilisikia sauti kutoka ng'ambo, ya kichovu, kama ya mtu aliyeamshwa: "Nyumba ya Rutozi ipo." Kisha nyingine. Kisha zikaja kwa pamoja, ipo, ipo, wanaume wakateremka wanateleza, mmoja akaninyang'anya mti akisema kwa hasira, "Leta hapa, utaumia bure." Walisuka kitanda kwa kamba na fito na kanga za wanawake, huku wanatukanana kuhusu soda.

Nilibeba. Mzee Bukuru alisema mwenye nyumba hakatazwi, basi nikawekwa kushoto mbele, na mti ulikaa juu ya mfupa kama unataka kuuvunja. Uso wa Kabula ulikuwa wa kijivu. Kila tulipoteleza alifungua macho akasema neno moja: "Msiniweke." Hatukumweka. Tulipanda, tukavuka mto kwa kushikana mikanda, tukapanda tena, wanaume wakipokezana bila kusimama, wakiitana kwa majina ya nyumba zao. Walijaribu kunipokea nikakataa, wakajaribu tena nikakataa, mpaka Rutozi alinisukuma pembeni kwa bega lake akaingia chini ya mti bila ya kuniuliza, nami nikatembea nimemshika Kabula kidole. Aliniuliza, "Tumefika?" Nikamwambia karibu. Nilimwambia karibu njia nzima.

Mtoto alikuwa wa kike. Alikuwa na nywele nyingi na vidole virefu vya mama yake, na hakulia. Muuguzi alifanya yote aliyoyajua, kisha akanawa mikono taratibu, akaja nje tulikokuwa tumekaa ukutani, mimi na wale wanaume, tumechoka mpaka tunatoa mvuke. "Mama atapona," alisema. "Mtoto alichelewa. Mngefika mapema kidogo." Hakusema kwa ubaya. Lakini kila mwanamume pale alijua kile kidogo kilikwenda wapi, kilikuwa kimekaa nao milangoni mwao wakati mzee anaita. Rutozi alikwenda nyuma ya jengo. Tulimsikia akilia kama ng'ombe.

Tulimzika mtoto kwenye migomba ya Mama Skola. Meneja alifika kukagua mazingira kabla ya wafadhili, akatoa pole, akasikitika kweli, nilimwona macho yamelowa. Kisha akaona lile banda. "Nani amelibomoa?" aliuliza. "Wageni wanakuja, tutawaonyesha nini?" Kabula alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, maziwa yanamlowesha gauni. Aliinua uso akamjibu kwa upole kabisa, "Waonyeshe machela." Meneja alidhani amechanganyikiwa. Ajira ilitoka baada ya hapo, na jina lililotajwa ni langu. Nilikuja kumwambia Kabula nikiwa nimeshaamua kuikataa. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Acha ujinga," alisema. "Kwenu wanakula nini? Chukua. Ila, Pelagia, popote watakapokutuma, kabla hujawaletea kitu, waulize walikuwa wanafanyaje." Akafunga vitu vyake, akaniachia michembe iliyobaki, akarudi Runazi. Miguu yake haikunisumbua usiku ule, na sikulala.

Basi nikaichukua kazi, na kazi ikanichukua. Nimekaa kwenye hoteli nyingi nikizungumzia umaskini. Nimeandika maandiko ya miradi ambayo siwezi kuyatofautisha tena, nimewafundisha vijana wenye mashati meupe, na swali la Kabula nimeliuliza kila kijiji, mara nyingine kwa moyo, mara nyingine kwa mazoea, na mara kadhaa nikapata jibu na wakubwa wangu wakalikata. Maisha ya Kabula yalikwenda kwingine. Alifungua duka dogo la sabuni na chumvi, akagombea uenyekiti wa kitongoji, akashindwa, akagombea tena. Nilisikia habari zake kwa watu: kwamba amesimama kwenye mkutano wa kijiji akadai mapato na matumizi yasomwe, kwamba amezomewa, kwamba yamesomwa. Tulisoma vitabu vile vile. Mimi vilinipa mshahara, yeye vikampa maadui na mahali pa kusimama, na nikiwa peke yangu nashindwa kusema ni nani kati yetu aliyehitimu. Alinitembelea mara moja nilipokuwa na nyumba yenye dari. Alilala chali akaitazama dari. "Hapa hutazijua habari za fundi," alisema.

Presha ndiyo iliyomuua, nyuma ya kaunta ya duka lake. Nilifika Runazi mchana wa mazishi, nikawakuta wa darasa letu wachache wamesimama karibu na magari yao kama mbuzi wageni: mmoja diwani, mmoja anauza vifaa vya ujenzi, wawili wa mashirika, na mmoja aliyeniambia wazi kwamba hajapata kazi aliyoisomea mpaka leo. Chumba cha Kabula kilikuwa nyuma ya duka. Kitanda kilikuwa kimoja, chembamba. Kwenye bakuli la plastiki palikuwa na michembe, nikachukua kipande, nikakitafuna nimesimama, na hapo ndipo kilio kilipokuja. Mwanamke mmoja wa jirani alinishika kiuno mpaka kilipopita.

Diwani alikuwa ameagiza gari dogo la kubebea jeneza, maana makaburi yako mbali kidogo, na barabara yake ni nzuri, Runazi si Murusagamba. Wanakijiji walilikataa kwa adabu. Walikuwa na miti miwili mirefu, imelainika kwa mikono, na mzee mmoja wa Kisukuma aitwaye Shija alipanda juu ya kichuguu mbele ya duka. Sikuwa nimeambiwa. Kabula hakuwahi kuniambia, hata ile siku alipolala chini ya dari yangu. Aliichukua ile sheria kutoka kwenye bonde lililomuulia mtoto akaja kuipanda kwa watu wake, wahamiaji ambao nusu yao walikuwa hawajuani majina.

Shija aliita nyumba ya kwanza. "Nyumba ya Kabula?"

Kaka zake walikuwepo, lakini kila mmoja alikuwa na nyumba yake na alisubiri iitwe. Sheria aliiweka mwenyewe marehemu na haikumhurumia hata yeye. Watu walitazama chini. Nilimfikiria yule wa nywele nyingi. Angekuwa mtu mzima sasa, angekuwa mrefu, angesimama pale mbele na kuitikia bila kusita, na sauti yake sikuwahi kuisikia hata mara moja.

"Nyumba ya Kabula?" Shija aliita tena.

"Ipo," nilisema. Haikutoka vizuri, nikairudia wasikie wote. "Ipo!"

Nikavua viatu, nikaenda kushoto mbele. Nyumba nyingine zikajibu nyuma yangu, moja baada ya nyingine, mti ukashuka juu ya mfupa ule ule, tukaondoka. Nyonga ziliniuma tangu hatua za kwanza. Tulipopita mashamba ya mahindi, mwanamume mmoja wa makamo alitembea sambamba nami, akainamisha kichwa.

"Shikamoo mama. Umechoka, nipe nikupokee."

"Marahaba," nikamwambia. "Bado hatujafika."